Tafakari ya Juma: Ukiona Vyaelea



Watu wa pwani wana methali ambayo kila mtoto aliyekulia karibu na bahari ameisikia: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Jahazi linapopita mbele ya macho yetu, tanga likiwa limejaa upepo, hatumwoni fundi aliyekaa ufukweni miezi mingi akichonga mataruma, akipigilia misumari na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta ya papa. Sisi tunaona chombo tu, nacho hupita upesi. Juma hili tungependa kuitafakari methali hiyo kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu, yaani kwa njia ya popo, na ya wasafiri wawili waliokuwa na saa moja tu ya kuwatazama.

Miezi michache iliyopita tulikuwa Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, tukiwatembelea waamini wachache waishio upande ule: walimu, wauguzi, askari na familia zao. Siku ya tatu hatukuwa na ratiba. Mwenyeji wetu akatushauri tuvuke hadi Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na mji wa Mkoani, ambako popo wakubwa wa Pemba hulala mchana katika miti mirefu. Tulikubali kwa furaha. Tuliposhuka pwani tulimkuta nahodha, mzee wa makamo, akiipanga mashua yake yenye mashine, na ndani ya mashua walikwisha kuketi wanandoa wawili vijana kutoka Ulaya, kila mmoja na mkoba wake mkubwa wa mgongoni. Hawakuiacha mikoba hiyo nyumba ya wageni kwa sababu walikusudia kutoka mashuani na kuingia garini moja kwa moja, waiwahi ndege ya alasiri kule Chake Chake.

Njiani tulizungumza nao. Walikuwa watu wema, wachangamfu, wenye heshima. Kijana alitufungulia daftari dogo lenye ratiba yao: Jumatatu Mji Mkongwe, Jumanne na Jumatano Pemba, Alhamisi Arusha, Jumamosi Ngorongoro. Kila siku ilikuwa na mistari minne au mitano, na kila mstari uliotimizwa ulikuwa umepigwa alama. Popo wa Makoongwe walikuwa na mstari wao, na mbele ya mstari huo palikuwa pameandikwa: saa moja.

Mkewe alituambia kwamba mwaka uliotangulia walisafiri China kwa mtindo huo huo. Walifika Chengdu usiku. Asubuhi na mapema walikuwa langoni mwa kituo kikubwa cha kuzalisha panda, kile kilichoanzishwa mwaka 1987, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba panda huchangamka wakati wa kulishwa asubuhi, kisha hulala. Waliwaona wakila mianzi. Walipiga picha. Mchana walikuwa ndani ya garimoshi la mwendo kasi kuelekea Xi'an, mwendo wa saa nne hivi, ili kesho yake wawaone wale askari wa udongo ambao wakulima waliwafukua mwaka 1974 walipokuwa wakichimba kisima.

Tukawauliza, panda walikuwaje? Kijana akajibu kwamba walikuwa wazuri sana, na kwamba mvua ilikuwa ikinyesha. Mkewe akamtazama kwa mshangao. "Mvua? Hakukuwa na mvua siku ile." Wakaanza kubishana kwa upole, wakicheka, hadi kijana akatoa simu yake na kuzitafuta picha ili shauri liamuliwe. Picha zilikuwa nyingi, lakini katika zote panda alijaza kioo kizima na mbingu haikuonekana. Ubishi ule haukupata hakimu. Mkewe akanyamaza kidogo, kisha akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe: "Nilikuwapo, lakini ni kama nilisimuliwa."

Ndugu wapendwa, tusifanye haraka kuwahukumu. Vijana hawa walikuwa waajiriwa wenye likizo ya siku chache kwa mwaka, na fedha ya safari waliiweka akiba kidogo kidogo. Mtu mwenye siku chache na dunia nzima mbele yake atalaumiwaje akikimbia? Na ni wangapi miongoni mwetu ambao, tukijaliwa nauli ya kwenda mbali, tungeketi mahali pamoja? Haraka yao ilitokana na njaa ya kuona, na njaa ya kuona kazi ya uumbaji si jambo baya. Shauri lilikuwa jingine, nalo lilijitokeza tulipofika chini ya miti.

Asiyewahi kumwona popo wa Pemba asidhani ni yule popo mdogo aingiaye darini. Huyu ana uso kama wa mbweha, manyoya ya rangi ya kahawia iliyoiva, na mabawa ambayo yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6 toka ncha hadi ncha. Siku ile walikuwa wamening'inia kwa mamia, kichwa chini, kila mmoja amejifunika mabawa yake kama mtu aliyejitanda shuka. Joto lilipozidi, baadhi yao walifungua bawa moja na kujipepea taratibu, kisha wakajifunika tena. Mara mmoja hugombana na jirani yake kwa sauti kali, halafu kimya hurudi. Hakuna zaidi ya hayo. Mchana wa popo ni usingizi.

Kijana alipiga picha kadhaa, akazitazama, hakuridhika. Zilionyesha vifurushi vyeusi vilivyotundikwa mitini. Akatugeukia na kutuomba tumtafsirie nahodha: je, haiwezekani apige makofi, au apige shina kwa kipande cha mti, ili waruke mara moja tu? Angepata picha moja nzuri ya mabawa, na hiyo ingetosha. Alikuwa amebakiwa na dakika arobaini.

Tulitafsiri kama tulivyoombwa. Nahodha hakukasirika. Alitazama juu, kisha akatuambia: "Padri, mwambie hawa usiku kucha wako kazini. Saa hizi wamelala. Na wenye watoto wakishtuka, mtoto huponyoka akaanguka. Sipigi."

Tulilirudisha jibu. Kijana akasema, kwa adabu bado lakini kwa sauti iliyokaza, kwamba amelipa nauli nzuri, kwamba ametoka mbali sana, na kwamba hatakuja tena Pemba maishani. Maneno hayo nayo tuliyatafsiri. Nahodha akaingiza mkono mfukoni, akatoa fedha yote aliyokuwa amepewa asubuhi ile, akaikunja na kuinyosha mbele. "Mwambie yeye ni mgeni wangu, na mimi namheshimu mgeni. Lakini hapa chini ya miti sote ni wageni, wenyeji ni hao. Kama hakuridhika, fedha yake hii, na nitamrudisha Mkoani bure."

Tulijua kwamba kwa mzee yule nauli ya watalii wawili si kitu kidogo. Siku nyingine hapiti mgeni hata mmoja. Kijana naye aliona jinsi mkono ulivyonyoshwa bila kusita. Uso wake ukawa mwekundu. Akaisukuma ile fedha irudi kwa mwenyewe, akaiweka kamera mkobani, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Mkewe ndiye aliyevunja kimya. "Muulizeni kwa nini anawajali kiasi hiki." Nahodha akaketi juu ya mzizi na kutusimulia. Alipokuwa kijana, alisema, popo walinaswa kwa nyavu na kwa ulimbo, wakaliwa. Baadaye wakaja wenye bunduki, nao mtu mmoja aliweza kuangusha wengi kwa jioni moja. Miti ikakatwa. Ukafika wakati akawa anapita baharini jioni na kutazama juu kwa mazoea, na juu hapana kitu. "Hapo ndipo nilipojua walikuwapo," alisema.

Masimulizi ya mzee yanalingana na yaliyoandikwa. Popo huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Jina lake la kisayansi, Pteropus voeltzkowi, alilipewa mwaka 1909 na Mjerumani Paul Matschie, kwa heshima ya Alfred Voeltzkow, mtafiti aliyezuru Pemba mwanzoni mwa karne ya ishirini. Bara zima la Afrika halina popo wa jamii yake. Ndugu zake wako Mafia, Comoro, Madagaska na visiwa vya Shelisheli, na ng'ambo ya bahari hadi India na Australia. Ni kiumbe wa Bahari ya Hindi, kama walivyo wenyeji wake kwa namna fulani. Huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo jamii yake ikipunguzwa kwa haraka hujaa tena polepole sana.

Nayo ilipunguzwa. Misitu ya asili ya Pemba ilikuwa imekwisha kuondolewa karibu yote ili kupisha mikarafuu na mashamba mengine, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba kuwa shamba kuu la karafuu. Msitu wa Ngezi, kaskazini, ni sehemu kubwa ya kile kilichosalia. Kufikia mwaka 1989 popo walioonekana kisiwani walikuwa wachache mno, na mwaka 1996 wakaandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kilichofuata hakikuwa muujiza wa siku moja. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa shirika la Fauna & Flora International na idara ya misitu ya Zanzibar walikaa na wanavijiji, wakafundisha mashuleni, wakaeleza kwamba popo hawa hubeba mbegu za miti na kuchavusha maua ya misufi. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti ya malalo. Kule Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wanakijiji huwapokea wageni kwa kiingilio, na fedha hiyo husaidia kijiji. Mahali pengine popo walikuwa wamesalimika kwa sababu miti yao ilisimama makaburini, nako watu waliona haya kukata mti au kufyatua bunduki juu ya waliolala. Sensa ya mwaka 2007 ilikadiria idadi yao kuwa karibu 20,000. Mwaka 2008 wakashushwa ngazi mbili katika ile orodha ya hatari. Leo mgeni huvuka kutoka Mkoani, hutazama juu, na miti imejaa. Vyaelea.

Huku nahodha akisimulia, dakika zilikwenda. Mkewe yule kijana hakuwa amepiga picha tena. Alikuwa amelala chali juu ya majani makavu, mkoba chini ya kichwa, akitazama juu tu. Kwa dakika kumi za mwisho alikaa hivyo. Mara akamwita mumewe kwa kunong'ona na kumwonyesha kwa kidole: chini ya bawa la popo mmoja, kichwa kidogo kilikuwa kimechomoza, kikatazama huku na huku, kikarudi ndani. Kijana akalala chali naye. Hakuchukua kamera. Kisha muda ukaisha, mtoto wa nahodha akawapeleka Mkoani, nasi tukabaki na mzee mpaka mashua irudi.

Hivyo tulikuwapo jua lilipotua. Kwanza akaondoka mmoja, akazunguka mti na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu. Kisha wakaondoka watatu. Kisha anga lote likajaa, wakipiga mabawa kwa uzito na utulivu, wakivuka mlango wa bahari kuelekea Pemba, kwenye maembe na mashelisheli na kungu zao. Yale mabawa ambayo kijana aliyatamani yalikunjuliwa bila makofi ya mtu, kwa saa yake yenyewe. Hatukustahili kuyaona kuliko yeye. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: sisi hatukuwa na ndege ya kuwahi.

Tumelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na hasa wale panda wa Chengdu. Maana nao wana mafundi wao wasioonekana. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kichina Hu Jinchu na wenzake walipiga kambi katika milima ya Wolong, huko Sichuan, ili kuwachunguza panda wa porini. Kambi hiyo iliitwa kwa jina lenye maana ya hamsini na moja, kwa kuwa kutoka hemani hadi kwenye maji palikuwa na hatua 51. Hebu tulitafakari jina hilo. Watu huhesabu hatua za kuteka maji pale tu wanapozikanyaga kila siku, kwenye theluji na kwenye matope. Mwaka 1980 Mmarekani George Schaller alijiunga nao. Katika vichaka vile vya mianzi mtafiti huweza kufuata nyayo na kinyesi siku nyingi bila kumwona mnyama mwenyewe. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2015 ilikuta panda 1,864 porini, na mwaka 2016 panda akashushwa ngazi moja katika orodha ya hatari, akawekwa kwenye daraja lile lile alilokwisha kuwekwa popo wa Pemba. Yule anayefika asubuhi na kuondoka mchana anaonyeshwa matunda ya hatua zile 51.

Hata hapa kwetu Tanzania tunaye shahidi mkubwa wa jambo hili. Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, binti wa Kiingereza mwenye miaka 26, alishuka Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akiwa na mama yake. Kwa miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia. Alichofanya ni kupanda kilimani kila siku na kuketi, aonekane, azoeleke. Kabla ya mwaka kwisha alimwona sokwe mmoja, ambaye yeye alimwita David Greybeard, akiingiza kijiti ndani ya kichuguu na kuwachokoa mchwa. Dunia ikajifunza kwamba binadamu si kiumbe pekee atengenezaye na kutumia zana. Bibi Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Leo mgeni wa Kigoma hupanda boti asubuhi, huwaona sokwe wa Gombe, na jioni anaweza kurudi. Asubuhi yake hiyo moja ilianza kutayarishwa mwaka 1960.

Huenda msomaji akauliza: je, basi tuseme kwamba anayekaa kwa muda mfupi anakosea? Hapana. Katika hifadhi ya Volcanoes nchini Rwanda, watalii huruhusiwa kukaa na sokwe wakubwa wa milimani kwa saa moja tu, hata kama wamelipa fedha nyingi kiasi gani. Sheria hiyo ni kwa ajili ya wanyama wenyewe, wasichoshwe na wasiambukizwe maradhi ya binadamu. Pale saa moja ndiyo heshima, na anayeng'ang'ania kukaa ndiye mkosefu. Kwa hiyo urefu wa saa si kipimo. Hata Makoongwe, yule dada aliona kitu kikubwa katika dakika kumi, baada ya kukosa kukiona katika dakika hamsini zilizotangulia. Nini kilibadilika? Aliuliza swali. Alipoambiwa ni nani waliowatunza popo wale na kwa gharama gani, hakuwatazama tena kama mstari wa daftari.

Tunaona basi kwamba aliye na saa moja anadaiwa mambo matatu.

Kwanza, aulize: nani amekaa hapa kabla yangu, hata hiki kikawapo nikione? Swali hili halichukui dakika tano, na hugeuza mahali pote.

Pili, asikilazimishe kitu kuonekana. Kila kilicho hai kina saa yake ya kulala na saa yake ya kuruka. Kumshtua aliyelala ili picha ipendeze ni kuchukua kwa nguvu kile ambacho kingetolewa bure jioni. Na kama hatuna jioni hiyo, basi tukubali kwamba si kila kitu kiliumbwa ili sisi tukione.

Tatu, awaachie kitu wanaobaki. Kiingilio cha kijiji, nauli ya nahodha isiyopunguzwa kwa ubishi, neno la shukrani lililotafsiriwa vizuri. Mgeni ataondoka na picha. Mwenyeji atabaki na mti, na kesho kutakuwa na mtu mwingine wa kumwambia asipige makofi.

Wapendwa, mambo haya hayawahusu watalii peke yao. Wengi wetu ni wageni wa saa moja katika nyumba tulimozaliwa. Tunaijua hali ya mwana anayetoka mjini siku ya sikukuu, ameleta mchele, sukari na kitenge. Anamkuta mama kibarazani, anapiga naye picha, anairusha kwa ndugu na marafiki, anatazama saa, na gari linaondoka kabla chai haijapoa. Hatumlaumu. Ana kazi, ana foleni ya kivuko, ana watoto wanaomngoja. Lakini nyumba anayoiona imesimama, ua uliofagiwa, mama aliye safi na mwenye tabasamu, vyote hivyo vimeundwa. Yuko dada aliyebaki. Yuko mjukuu wa kike anayeamka usiku kumpa bibi maji na anayezijua kwa idadi hatua za kutoka kitandani hadi chooni, kama wale wa Wolong walivyozijua hatua zao. Mara nyingi huyo hayumo katika picha, kwa sababu ndiye aliyepewa simu aipige.

Na mara nyingi tunamdai mama naye aruke. "Mama, cheka. Mama, simama. Mama, sema neno kwa wajukuu." Mama amechoka, usiku kucha miguu ilimuuma. Pengine kitu ambacho angetaka ni mtu aketi karibu naye dakika kumi bila kumwomba chochote. Katika dakika hizo huenda asiseme neno. Huenda pia akasema lile neno ambalo hakuwahi kulisema, kama kichwa kidogo kinachochomoza chini ya bawa.

Juma hili, basi, tuwaombe jambo moja jepesi. Mtakapofika mahali popote ambapo kitu chema kimewangoja, iwe ni nyumbani, shambani, hospitalini kwa mgonjwa, au hata kanisani ambako mmekuta mabenchi yamefutwa na maua yamepangwa, mtafuteni aliyekuwapo kabla yenu. Mwulizeni jina lake. Mwulizeni ameanza lini. Msikilizeni mpaka mwisho, hata kama gari linapiga honi. Kisha mwendako mwende, wala msione haya kwamba muda wenu ulikuwa mfupi.

Tunawatakia juma lenye amani, na Mungu awabariki nyote, hasa ninyi mliobaki nyumbani.